Mahafali: Tunakumbuka yote, au yale matamu tu?

NDUGU msomaji, kila mwaka mitihani ya kidato cha sita inapokaribia, sisi walimu wa Maarifa ya Uislamu huwa hatuna mapumziko ya mwisho wa wiki. Jumamosi tumealikwa mahafali huku, Jumapili tumealikwa kule. Ukumbi hupambwa, qaswida husomwa, mgeni rasmi husubiriwa, kisha husimama kijana mmoja kwa niaba ya wenzake akasoma risala. Nimezisikiliza risala hizo kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na karibu zote zina sentensi moja inayofanana, kwamba kwa muda wote wa masomo tuliishi kama familia moja.

Katika mahafali moja niliyohudhuria hapa Dar es Salaam, binti aliyekuwa akisoma risala alipofika kwenye sentensi hiyo sauti ilimkatika, akalia. Ukumbi ukalia naye. Kina mama walitoa leso, na mimi nikainamisha kichwa. Waliokaa karibu yangu walidhani nimeguswa kama wao. Ukweli ni kwamba niliona haya. Sentensi ile niliisoma mimi mwenyewe Januari 2010, siku ya mahafali yetu, na wakati naisoma nilikuwa najua kuwa si kweli.

Nimeona niandike habari hiyo katika safu hii kwa sababu inaleta swali ambalo hatujiulizi siku ya keki na picha. Je, Muislamu ana haki ya kuyakumbuka maisha yake ya shule kwa furaha huku akiwa ameyaacha nje yale yaliyomuumiza mwenzake? Tumezoea kuuliza halali na haramu ya chakula, ya biashara na ya mavazi. Je, kumbukumbu nayo haina halali na haramu yake?

Kutamani ya zamani si dhambi

Kwanza tuondoe shaka moja. Wapo ndugu zetu wanaoona kuwa kukumbuka ya zamani ni kupoteza wakati, na kwamba Muislamu atazame mbele tu. Sikubaliani nao. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Waislamu walipohamia Madina, Abubakar na Bilal (R.A.) walishikwa na homa kali. Homa ilipompungua, Bilal alikuwa akipaza sauti kwa beti za kutamani bonde la Makka, majani yake, maji yake na milima yake. Mtume (S.A.W.) alipopata habari zao hakuwakemea. Alimuomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi.

Lakini tuitazame vizuri kumbukumbu ile ya Bilal. Makka ndiko alikoburutwa juu ya mchanga wa moto na kuwekewa jiwe kifuani. Katika masimulizi hayo hayo, baada ya kutamani majani na maji, Bilal aliwataja kwa majina vigogo wa Kikureshi waliowatoa katika mji wao, akamshitakia Mola wake. Kwa hiyo aliikumbuka Makka yote. Utamu wa majani haukumsahaulisha dhulma, wala dhulma haikumfanya aukane utamu wa majani.

Mimi nami nilipenda shule yetu. Ilikuwa shule ya serikali ya bweni, mikoani. Napenda mpaka leo harufu ya makande ya bwalo letu, na baridi ya alfajiri tulipokuwa tukipanga foleni ya maji ya udhu. Napenda kelele za prepo umeme ulipokatika. Pale ndipo nilipojifunza kusoma Qur'an kwa tajwid, kwa msaada wa mwanafunzi mwenzangu aliyelala kitanda cha chini cha dabodeka letu. Kila usiku baada ya Isha alikuwa akinisikiliza na kunisahihisha, kurasa mbili mbili, hadi nikawa naweza kusimama mbele ya watu kuswalisha. Huyo ndiye mtu ninayetaka kumzungumzia.

Kilo tatu za sukari

Ramadhani ya mwaka 2009 iliingia Agosti tukiwa kidato cha sita. Shule ilituruhusu kujipikia daku, na ufunguo wa stoo akakabidhiwa mwenzangu yule, kwa sababu kila mtu alimjua kwa uaminifu. Mle stoo vilikaa vyakula vyetu vya jumuiya upande mmoja na vya shule upande wa pili. Usiku mmoja sukari yetu ilikuwa imekwisha. Nilimuomba ufunguo nikamwambia nakwenda kuangalia mchele, akanipa akarudi kulala. Nikafungua gunia la shule nikachota kama kilo tatu. Tulikunywa uji mtamu usiku ule, tukacheka sana, na mimi nikajiambia kuwa tutairudisha pesa ya michango ikipatikana.

Asubuhi mtunza stoo alikuta gunia limefunguliwa. Kwenye paredi mwalimu wa zamu akauliza nani alikuwa na ufunguo. Mwenzangu alitoka mbele akasema ulikuwa kwake. Akaulizwa kama yeye ndiye aliyechota, akasema hapana. Akaulizwa basi ni nani. Aligeuza shingo akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akarudia kusema, ufunguo ulikuwa kwangu.

Alisimamishwa masomo wiki tatu, akaambiwa arudi na mzazi na alipe fidia. Mama yake alikuwa mjane muuza vitumbua, na kutoka kijijini kwao hadi shuleni ilikuwa safari ya mabasi mawili. Nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili haikupatikana, na kama ingepatikana, mama yule aliona haya kusimama mbele ya walimu kama mama wa mwizi. Hakurudi. Usiku ule alioondoka niliwaswalisha wenzangu Tarawehe kama kawaida, na katika safu ya kwanza palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Miezi michache baadaye ndiyo yakafika mahafali. Nilichaguliwa kusoma risala. Nikasema tuliishi kama familia moja. Kisha, ili kuchangamsha ukumbi, nikasimulia kisa cha uji mtamu wa daku, bila kutaja sukari ilitoka wapi wala nani alilipa. Watu walicheka hadi mgeni rasmi akafuta machozi. Kisa kile kikawa maarufu. Kwa miaka kumi iliyofuata, kila tulipokutana kwenye harusi au msiba, lazima mtu angesema, "Ustadhi, hebu tusimulie ule uji." Nami nilisimulia.

Yaliyopita si ndwele, kwa nani?

Waswahili tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Niliishikilia methali hii kama kinga. Mara ya kwanza kuitilia mashaka ilikuwa darasani, nikifundisha Suratu Yusuf.

Tunajua ndugu zake Yusuf (A.S.) walimtupa kisimani. Miaka mingi baadaye, familia ilipokutana Misri, Yusuf alizitaja neema za Mola wake, kwamba alimtoa gerezani na akawaleta wazazi na ndugu zake kutoka jangwani (12:100). Hakutaja kisima. Wafasiri wametuonesha kuwa aliacha kukitaja ili asiwaaibishe ndugu zake. Hapo mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo ni bora kutoyataja mabaya yaliyopita?" Nilianza kumjibu ndiyo. Kisha nikarudi nyuma aya chache, nikaona jambo ambalo sikuwa nimelizingatia.

Kabla Yusuf hajanyamaza, ndugu zake walikuwa wamesema. Walikiri mbele yake kwamba Mwenyezi Mungu amemfadhilisha juu yao na kwamba wao walikuwa wakosefu (12:91). Ni baada ya kukiri kwao ndipo aliposema kuwa leo hakuna lawama juu yao (12:92). Mpangilio huo si wa bahati mbaya. Kusahau ni zawadi iliyo mkononi mwa aliyedhulumiwa, naye huitoa akipenda. Aliyedhulumu hana ruhusa ya kujichukulia zawadi hiyo mwenyewe. Yaliyopita si ndwele ni maneno mazuri yakitoka kinywani mwa Yusuf. Yakitoka kinywani mwa ndugu zake kabla ya kukiri, yanakuwa dhulma ya pili.

Katika sura hiyo hiyo yumo mtu mwingine aliyenikosesha usingizi. Ni yule mfungwa aliyeachiwa, ambaye Yusuf alimuomba amtaje mbele ya bwana wake. Shetani akamsahaulisha, na Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa (12:42). Mtu huyu hakumchukia Yusuf. Bila shaka akiulizwa angesema yule alikuwa mwenzangu mwema, tuliishi vizuri. Alipendezwa na uhuru wake tu, akasahau kulitaja jina moja. Kusahau kwake hakukumgharimu yeye kitu. Kulimgharimu aliyebaki ndani.

Hivyo ndivyo mahafali yetu mengi yalivyo. Tunaohitimu ni wale tuliofika. Wapo tulioanza nao kidato cha kwanza au cha tano ambao hawamo kwenye picha. Yupo aliyeshindwa ada. Ada ya bweni ya shilingi 70,000 kwa mwaka wengine waliiona ndogo, lakini kuna nyumba ambazo haikupatikana, hadi Serikali ilipoifuta kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Yupo binti aliyefukuzwa kwa ujauzito, kwani ruhusa ya mabinti hao kurudi shule za serikali ilitangazwa Novemba 2021, na aliyetangulia tarehe hiyo hakuwa na pa kurudi. Yupo aliyeugua. Na yupo aliyebeba adhabu ya mwingine. Risala inaposema sisi ni familia moja, hao huwa wamefutwa kwenye familia bila hata kikao.

Nilimtafuta

Mwaka 2021 nilimtafuta mwenzangu yule. Haikuwa kazi ngumu, na hilo lenyewe ni aibu nyingine. Simu tatu tu zilitosha. Ni fundi wa majokofu, ana mke na watoto. Alifanya mtihani baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea, akibeba mizigo sokoni mchana na kusoma usiku, na hakupata alama za kumpeleka chuo kikuu. Mimi nilikwenda. Tajwid niliyotumia kufaulu usaili wangu wa kwanza wa kazi alinifundisha yeye.

Alinikaribisha vizuri, akaagiza soda. Nilimweleza nilichojia. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja siku ile. Akasema, "Nilikuwa nasubiri useme wewe. Na wewe ndiye uliyekuwa unatuswalisha. Ningekutaja, nani angeswalisha?" Nilimuomba msamaha. Akasema, "Ndugu yangu, mimi nilikusamehe zamani." Nikashusha pumzi. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja bei ya vifaa, "Ila mama alifariki 2016. Mpaka anakufa, kila akimaliza swala alikuwa ananiombea kwa Allah aniondolee tabia ya wizi."

Sikuwa na la kusema, na mpaka leo sina. Msamaha wa kijana niliupata. Ule wa mama nitaupata wapi? Miaka saba, tangu 2009 hadi 2016, nilikuwa na uwezo wa kupanda basi nikamwambia mama yule maneno machache, kwamba mwanao si mwizi, mwizi ni mimi. Katika miaka hiyo nilikuwa nasimulia kisa cha uji.

Mtume (S.A.W.) ametuusia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba mwenye dhulma kwa ndugu yake, iwe ya heshima yake au kitu kingine, ajivue nayo leo kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu, bali mema yake yatachukuliwa kumlipa aliyemdhulumu. Hadithi hii nilikuwa naihifadhi tangu nikiwa kidato cha tatu. Nilikuwa nadhani neno "leo" limewekwa ndani yake kwa kutisha tu. Sasa najua kuwa ni hesabu ya kawaida. Walio na haki juu yetu wanazeeka na wanakufa, na kumbukumbu tamu ndiyo inayotulaza usingizi wakati wanakufa.

Nilimuuliza mwenzangu nimlipe nini. Fedha alikataa. Alisema, "Ukisimulia tena ile hadithi ya daku, isimulie yote." Niliisimulia yote kwanza katika kundi letu la WhatsApp la wahitimu wa mwaka ule, kwa sababu wao ndio walioamini kuwa yeye ni mwizi na wao ndio walionicheka kwa furaha. Nikaandika barua shuleni, pamoja na thamani ya sukari ile. Makala hii ni ya mwisho.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza: Je, hatukukatazwa kuyatangaza madhambi ambayo Mwenyezi Mungu ameyasitiri? Ni kweli, tumekatazwa, na sipendekezi mtu asimame hadharani akahesabu aibu zake za ujana. Lakini dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake si sawa na ile iliyovunja heshima ya mtu mwingine. Imamu Nawawi, akieleza masharti ya toba, ametaja kuacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutorudia. Kisha akaongeza kwamba ikiwa dhambi inahusu haki ya mwanadamu, sharti la nne ni kumrudishia mwenye haki kilicho chake. Na Qur'an, inapowataja wanaokubaliwa toba yao baada ya kuficha haki, imeweka mambo matatu pamoja: wametubu, wametengeneza, na wamebainisha (2:160). Sitara yangu ilikuwa imeshonwa kwa jina la mtu mwingine. Sitara ya namna hiyo ni nguo ya wizi.

Kumbukumbu inayofika kwa watu

Tuseme basi kuwa kumbukumbu njema ni ipi? Mfano bora tunaupata nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa hakumuonea wivu mke yeyote kama alivyomuonea Bibi Khadija (R.A.), naye hakumkuta, kwa jinsi Mtume alivyokuwa akimtaja mno. Na alikuwa pengine akichinja kondoo, akamkata vipande, akavipeleka kwa marafiki wa Khadija. Hapo ndipo penye somo. Khadija alikuwa ameshafariki, lakini kumbukumbu yake ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba za watu walio hai, ikiwa na nyama mkononi.

Na katika Suratudh-Dhuha Mwenyezi Mungu (S.W.) anamkumbusha Mtume wake yaliyopita: alikuwa yatima akahifadhiwa, alikuwa hajui njia akaongozwa, alikuwa mhitaji akatoshelezwa. Kumbukumbu tatu. Kisha mara moja zinafuata amri tatu: asimuonee yatima, asimkaripie muombaji, na azisimulie neema za Mola wake (93:6-11). Yaani kila jambo la zamani linakuja na kazi ya leo.

Enyi wahitimu, sikuandika haya ili niwaharibie siku yenu. Lieni, chekeni, pigeni picha, mmeitolea jasho. Ninawaomba mambo matatu tu. La kwanza, kabla hamjafunga matranka, zungukeni mabweni mkaombane radhi kwa vitu mnavyovijua: kitabu ulichokopa, pesa uliyokula, jina ulilolichafua. Usiseme "kama nimekukosea" ikiwa unajua umemkosea nini. La pili, katika risala yenu wekeni sentensi moja ya kuwataja walioanza nanyi wasiofika, na baada ya mahafali mmoja wenu ampigie kila mmoja wao simu. La tatu, kama yupo aliyebeba mzigo wako, mwendee sasa, na umfikie na mzazi wake pia. Kumbuka wazazi ndio wanaotangulia.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Siku ile kwenye paredi, mwalimu mmoja angeniita pembeni jioni akaniuliza kwa upole, nadhani ningesema. Kijana muoga anahitaji mlango wa kusemea ukweli bila kuangamia. Tuwafungulie mlango huo, kwani tukiwaachia woga peke yao wataubeba hadi uzee, wakiusimulia kama kichekesho.

Mwenzangu yule bado ananisahihisha. Ramadhani iliyopita alinipigia simu kuniambia kuwa nilipokuwa nasoma kwenye video niliyomtumia, nimeupunguza mvuto wa madda mahala pamoja. Nilirudia aya ile akiwa kwenye simu mpaka aliporidhika. Namuomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama yake, amjulishe kuwa dua yake ile haikuwa ya mwanawe, ilikuwa inanistahili mimi, na aipokee kwa ajili yangu.

Wabillahi tawfiq.